Kufungua upya kilabu cha mbege: anza na zamu, sufuria baadaye

Kilabu cha bibi yangu cha mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya sisi Wachagga, kilikuwa Uru, juu ya mji wa Moshi, ndani kabisa ya migomba, mahali ambapo mgeni asingefika bila kuelekezwa. Hakikuwa na jina wala bango. Siku pombe ikiwa tayari, bibi alifunga jani bichi la mgomba kwenye mparachichi wa njia panda, na aliyeliona aliwaambia wengine. Ndani palikuwa na mabenchi mawili marefu yanayotazamana, pipa kwenye kona, na kata za vibuyu za kunywea zimening'inizwa ukutani kwenye misumari. Nikiwa na miaka minane kazi yangu ilikuwa kuzisuuza kata hizo. Hadi leo nikishika kibuyu kikavu, harufu ya pale inanirudia yote: moshi, ulezi, na makoti ya wazee yaliyolowa mvua ya Aprili.

Bibi alifariki mwaka 1998. Banda likawa stoo ya majani ya ng'ombe. Nilirudi nyumbani kutoka Dar es Salaam mwaka 2019, na miaka miwili baadaye nikaanza kulisafisha. Tangu hapo wanawake wa rika langu wananiuliza nilifanyaje, hasa wale walioachiwa banda kama lile na mama zao na hawajui waanzie wapi. Huu ndio mwongozo wangu. Ni wa kilabu cha Uchaggani, kwa sababu ndicho ninachokijua. Kama kwenu ni ulanzi wa Iringa au rubisi ya Kagera, mengi ya kupika hayatakufaa, lakini ya zamu na ya mabenchi nadhani yatakufaa.

Kwanza kabisa, zamu

Nilianza vibaya. Nilinunua sufuria kubwa, nikanunua ndizi, nikapika lita mia moja. Siku niliyofungua, jirani yangu wa geti la pili juu alikuwa na mbege yake imeiva, na ng'ambo ya mto palikuwa na sherehe ya kipaimara ambako mbege ilimiminwa bure. Niliuza lita zisizofika thelathini. Kesho yake jioni ile pombe ilikuwa kali kwenye ulimi kama siki, na keshokutwa niliimwaga kwenye shimo la mbolea. Mikungu yote ile, kuni zote zile, na usiku mbili za kukesha.

Mama mmoja mzee, aliyekuwa mpishi mwenzake bibi, alikuja akakuta namwaga. Hakunicheka. Alisema, "Mwanangu, wari haingojei mtu. Ulimuuliza nani kabla hujapika?" (Wari ndiyo mbege kwa Kichagga.) Swali hilo ndilo lililonifundisha kilabu ni nini.

Mbege ina siku yake. Ukiichanganya jioni, kesho yake imeiva. Keshokutwa wenye koo gumu bado wataimeza. Baada ya hapo imekwisha. Ndiyo maana zamani hakuna mama aliyepika peke yake kwa kujiamulia. Pale mtaani kwetu walikuwa sita, kila mmoja na siku yake, na Jumapili baada ya misa ilizunguka kwa wote sita. Siku ya jirani, wewe ulikuwa mteja. Siku yako, yeye alikuja kunywa kwako na mume wake. Fedha ilizunguka humo humo, ikawapeleka watoto shule. Mama yangu alisoma hadi darasa la kumi na mbili kwa mbege.

Bia ya chupa haihitaji hayo. Inakaa miezi kwenye kreti, mwenye baa anafungua kila siku, hana haja ya kujua jirani anapika lini wala nani kafiwa. Watu wakisema vilabu viliuawa na bia kwa sababu ni tamu au ya kisasa, mimi sikubaliani. Bia ilimwondolea muuzaji haja ya kuwa na wenzake. Mengine yalifuata.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata ndizi moja, tembea. Tafuta wanawake wanne au watano wanaojua kupika, walio umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwako. Kaa nao, mpange siku. Andikeni kwenye daftari moja, likae kwa aliye mzee kuliko wote. Sisi tuna sheria tatu tu. Hakuna anayepika siku isiyo yake. Ukipata dharura, unabadilishana na mwenzako mapema, kabla hajavundika ndizi. Na ukitokea msiba wakati mbege ya mtu imeiva, mbege hiyo inakwenda msibani na sisi wengine tunamchangia gharama. Hii ya tatu ndiyo iliyotufanya tuheshimike. Mtu aliyekunywa kwako akilia, hatakupita siku yako.

Upishi

Hapa nitakwenda polepole, kwa kuwa wengi tuliona mama zetu wakipika lakini hatukuwahi kupima. Vipimo vyangu ni vya lita kama sitini: mikungu mitatu mikubwa ya ndizi, sado mbili (yale makopo ya kupimia sokoni) za ulezi, na magome makavu ya mti wa msesewe yanayojaa kiganja.

Anza na ulezi, kwa sababu ndio unaochukua siku. Uoshe, uloweke usiku mmoja, uchuje maji, kisha uutandaze juu ya majani ya mgomba mahali penye kivuli na uufunike kwa majani mengine. Nyunyiza maji kidogo asubuhi na jioni. Siku ya tatu utaona vijimizizi vyeupe vimeshikana kama manyoya. Hapo uanike juani hadi ukauke kabisa, uusugue mizizi ipukutike, usage. Hicho ndicho kimea. Ukiuacha ukaota majani mabichi, pombe itakuwa na harufu ya nyasi. Zamani ulezi ulilimwa huku huku kwetu, kwenye mashamba ya chini yaliyonyweshwa kwa mifongo, mifereji yetu ya asili. Siku hizi ninaonunua sokoni unatoka mbali, Singida mara nyingi, na ndio unaokula fedha kuliko kitu kingine chochote humu.

Ndizi, bibi alitumia ndizi ng'ombe. Zikatwe zimekomaa, zivundikwe darini juu ya jiko au kwenye shimo lililotandikwa majani makavu, siku tano au sita, hadi ganda liwe la njano lenye madoa. Usidanganywe ukanunua za sokoni zilizoivishwa haraka. Kwa nje ni njano, ndani bado wanga, na pombe yake haina mwili. Menya, tia kwenye sufuria, maji yafunike ndizi, chemsha kwa moto wa wastani saa tatu hadi nne. Rangi itageuka kutoka njano hadi nyekundu ya udongo. Wengine hutoa sufuria mapema ili kuokoa kuni. Usifanye hivyo, kwa sababu ile rangi ndiyo ladha yenyewe.

Ikishapoa, mimina kwenye chombo, funika kwa majani ya mgomba, uache siku tatu au nne. Itapanda povu, itasikika ikichemka taratibu bila moto. Kisha ongeza maji safi, kamua, chuja.

Nisimame kidogo kwenye kuchuja na vyombo. Bibi alichujia kwenye kikapu cha nyasi kilichosukwa kwa kazi hiyo. Leo nimeona watu wakichujia kwenye chandarua kikuukuu. Vyandarua vile vimetiwa dawa ya kuua mbu; usimnyweshe mtu dawa hiyo. Nunua kitambaa kipya cheupe cha pamba, kichemshe kabla na baada. Vilevile mapipa ya plastiki ya mtumba: kama hujui yalibeba nini, usiyaguse, hata kama muuzaji anaapa yamesafishwa. Mimi nina ndoo nane za lita ishirini zilizouzwa kwa ajili ya chakula, basi.

Sasa mso, uji wa kimea. Pika uji mwepesi kwa unga wa ulezi uliouotesha, na wakati unachemka tia magome ya msesewe yaliyotwangwa. Msesewe ndio unaoipa mbege uchungu wake, ule unaobaki nyuma ya ulimi ukishameza. Ukizidisha, watu watakunja uso na hawatarudi. Ukipunguza sana, utakuwa umewauzia togwa. Mti wenyewe, wanasayansi wanauita *Rauvolfia caffra*, uko kando ya mito na mifongo yetu, na umechunwa hadi unasikitisha. Ukichuna, chuna upande mmoja, kipande kisichozidi kiganja, usizungushe shina. Mimi nimepanda mitatu nyuma ya banda, nami nashauri kila mpishi apande wake.

Uji ukiiva, epua, uache upoe. Hapa bibi alikuwa na kipimo ambacho sijapata kingine kinachokizidi. Alizamisha kiwiko cha mkono ndani ya uji na kuhesabu taratibu hadi kumi. Kama hakulazimika kukitoa, uji umekuwa vuguvugu vya kutosha. Alikuwa akinishika mkono na kunizamisha kiwiko changu pia, nihesabu naye, mimi kwa Kiswahili cha shule na yeye kwa Kichagga, na uji ukinichuruzika hadi vidoleni. Ukiuchanganya wa moto, pombe inakufa papo hapo. Haitatoa povu na asubuhi utakuta maji matamu ya kahawia. Ukiwa vuguvugu, mimina ndani ya maji ya ndizi, koroga kwa mwiko mrefu, funika, usiku mmoja. Alfajiri fungua. Ukiona povu limepasuka katikati na kuacha duara, na sauti yake ni kama mvua ndogo juu ya majani, imeiva. Machicha wape nguruwe au ng'ombe.

Mabenchi, kata na kelele

Usinunue meza za plastiki. Ni rahisi, najua, na kila fundi atakuambia wateja wa siku hizi wanataka meza. Lakini meza inawagawa watu wanne wanne, na kila wanne wanakuwa na kilabu chao. Mabenchi mawili yanayotazamana, umbali wa hatua tatu kati yake, yanamlazimisha anayeingia kusalimia wote, na anayezungumza kuzungumza na wote. Mzee anakaa mwisho wa ndani, karibu na ukuta. Kijana karibu na mlango. Hilo halihitaji kuandikwa ukutani.

Siweki muziki. Bibi alikuwa na redio moja ya betri, nayo iliwashwa kwa taarifa ya habari ya Radio Tanzania na matangazo ya vifo, kisha ikazimwa. Nakumbuka yalivyoanza matangazo yale, kata zilishushwa magotini na watu wote wakanyamaza wakisikiliza majina ya vijiji. Jina la kijiji chetu likitajwa, yule anayemjua marehemu alinyanyuka kimya kwenda kuwaambia wa nyumbani. Leo habari hizo zinafika kwenye simu. Lakini televisheni ya mpira na mashine za kamari, zile za dubwi, sikubali ziingie, ingawa nimeletewa mtu wa kuniwekea mashine bure na kunigawia faida. Mtu akitazama ukuta hamtazami mwenzake.

Kata, tafuta vibuyu vilivyokauka mtini. Kata kwa msumeno mdogo, toa mbegu na ile nyama ya ndani, kwangua kwa kijiko. Jaza maji ya moto yenye majivu, uache usiku kucha, mwaga, rudia mara tatu au nne hadi ukilamba usisikie uchungu wa kibuyu. Kisha fukiza kwa moshi wa kuni kavu. Zamani kata moja ilizunguka benchi zima, na mpishi ndiye aliyeonja kwanza mbele ya wote, kuonyesha kuwa hakuna kilichotiwa. Kuonja kwanza nimekubakiza. Kuzungusha kata sikukurudisha, corona ilishatufundisha. Kila mtu ana kata yake, na wateja wa kudumu wameandika alama zao kwa kisu cha moto kwenye mpini. Mmoja amechora jembe. Mwingine, mwalimu mstaafu, amechora alama ya vema.

Chakula kiwepo, hata kidogo. Mimi napika mtori siku ya zamu yangu, na kiburu cha ndizi na maharage kama maharage yapo. Tumbo lenye mtori halimdhalilishi mwenyewe njiani.

Mambo ya kibali na ya ulevi

Nenda kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kufungua, atakuelekeza halmashauri kwa leseni ya pombe ya kienyeji. Saa za kufungua zitaandikwa humo, uzifuate. Afisa afya atataka choo, maji ya kunawa, na mahali pasafi pa kupikia. Mpokee vizuri, anachotaka ndicho ambacho ungependa mteja wako akikute. Watoto wasiuze wala wasitumwe. Mimi nilisuuza kata nikiwa mtoto, na nilikuwa salama kwa sababu ya bibi, lakini leo wajukuu wa ndugu zangu hawakanyagi mle pombe ikiwapo.

Gongo usiiguse. Utaletewa, kwa chupa, na utaambiwa iko chini ya kaunta tu kwa wateja maalumu. Ni haramu, inapofusha, inaua, na mbege haina jina la kuokoa baada ya hapo. Viroba, vile vifuko vya pombe kali, vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 wengi tulidhani vijana wangerudi kwenye pombe ya nyumbani. Hawakurudi. Warudi wapi, na mabanda yalishakuwa stoo?

Na nisiwafiche: si kila kitu cha kilabu cha zamani kinastahili kurudishwa. Wakati wa msimu wa kahawa, KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ikilipa kupitia vyama vya msingi, palikuwa na wanaume walioingia kwa bibi na malipo yote mfukoni na kutoka bila kitu, na watoto wao nyumbani wanangoja daftari za shule. Bibi aliwajua. Alikuwa na daftari la madeni, lakini alikuwa pia na kibweta cha bati. Baba wa familia akija na malipo ya kahawa, bibi alimwambia aweke nusu kibwetani kwanza, na nusu hiyo hakumrudishia yeye, alimpelekea mkewe asubuhi. Walikasirika, lakini waliendelea kuja. Baada ya mwaka 1989, mfumo wa mgawo wa kahawa wa dunia ulipovunjika na bei ikaporomoka, kibweta kile kilikaa kitupu. Watu wakang'oa mibuni, vijana wakashuka mjini, na mama waliokuwa na zamu wakaacha mmoja mmoja, kila anayeacha akiwabebesha waliobaki siku zake. Bibi alimalizia akiwa peke yake na siku mbili kwa wiki.

Kibweta ninacho, kile kile. Lakini kazi yake mimi naifanya hivi: mwenye familia akifikisha lita mbili, namhesabia, na ninampa mtori badala ya pombe. Akisisitiza, nasema hapana. Umri wangu unaniruhusu, na wewe ukianza ukiwa kijana, mweke mama mtu mzima akusaidie kusema hapana.

Kuna jambo moja sikulipanga, lilijirudi lenyewe. Mwaka jana ndugu wawili wa kihamba kimoja, yaani shamba moja la ukoo, waligombania mpaka. Mmoja alidaiwa kung'oa masale, mimea ya kuonyesha mpaka, yaliyopandwa na baba yao. Hawakusalimiana miezi minane. Alhamisi moja, zamu yangu, mkubwa alikuwa benchi la ndani. Mdogo akaingia na jani la sale mkononi, amelifunga fundo, ambayo kwetu ni ishara ya kuomba msamaha, akasimama kati ya mabenchi bila kusema neno. Nilikuwa nimeshika ndoo. Mzee mmoja akasema, "Mpokee, Meku, usimwache asimame." Kaka akanyoosha mkono, akalipokea lile sale, akasogea. Mdogo akakaa pale aliposogezewa nafasi. Nikawajazia kata, nikaonja kwanza, nikawapa. Mabenchi yangekuwa meza, sijui angesimama wapi.

Kufunga ni saa mbili usiku. Usiseme "tunafunga", anza kukusanya kata, watu wataelewa. Zisuuze kwa maji ya moto yasiyo na sabuni, kwa sababu kibuyu hunywa harufu, uzining'inize midomo chini zipigwe na hewa hadi zikauke. Ndoo zioshwe usiku ule ule, mabaki yakilala yataharibu upishi ujao. Jani la mgomba litolewe njia panda, mtu asipande mlima bure. Halafu pitia kwa mwenye zamu ya kesho umwambie wangapi walikuja na nani aliulizia, ili ajue achemshe uji wa ndoo ngapi.